Maswali ya wasomaji: Kipato ni kidogo, mali itajengwaje?

Tangu tulipoandika katika toleo lililopita juu ya mikopo ya kausha damu, yaani ile yenye riba ya kunyonya, barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinarudi kwenye swali moja: je, mtu ambaye kipato chake hakimalizi mwezi anaweza kweli kujenga mali ya kudumu, au mazungumzo haya ni ya wenye mishahara minono? Tumechagua barua nne na kuzijibu kwa urefu unaotofautiana, kwa kuwa mambo yenyewe hayana uzito sawa. Majina ya waandishi tumeyaacha.

Nikinunua mbuzi, nitafutwa kwenye orodha?

*Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini mkoani Singida. Kaya yetu ni mlengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kunusuru kaya masikini, na kila baada ya miezi miwili napokea takribani shilingi 48,000. Nina matetea watatu na shamba dogo la mtama na alizeti. Natamani kununua mbuzi, lakini jirani ameniambia kwamba nikionekana na mbuzi au nikiezeka bati nitaondolewa kwenye orodha. Je, ni kweli? Na fedha ndogo namna hii inaweza kuwa mali?*

Marahaba, mama. Nianze na hofu yako, kwa sababu nimeisikia kwa walengwa wengi, na imewafanya watu wazima wapeleke mbuzi wao kwa mashemeji usiku kana kwamba wameiba. Mpango wa kunusuru kaya masikini haukuwekwa ili kaya ibaki pale ilipokutwa. TASAF ilianza mwaka 2000, na baadaye ikaingia kwenye kuhawilisha fedha kwa kaya moja moja. Awamu iliyozinduliwa Februari 2020 iliweka mkazo kwenye ajira za muda, vikundi vya kuweka na kukopa, na ruzuku ya uzalishaji kwa kaya zilizopata mafunzo na kuandaa mpango wa biashara. Mpango unaotoa fedha ili watu wafuge hauwezi kuhesabu ufugaji kuwa kosa. Ni kweli kwamba kaya hufanyiwa tathmini, na ile ambayo hali yake imeinuka huhitimu na kutoka. Lakini kinachopimwa ni hali ya kaya kwa ujumla wake, wala si mbuzi mmoja aliyefungwa nyuma ya nyumba.

Tuseme siku ya kuhitimu imefika. Ruzuku yako ni shilingi 288,000 kwa mwaka, na itakoma siku moja hata ukijificha namna gani, kwa sababu watoto watakua na mpango wenyewe utabadilika. Mbuzi majike wawili wanaotunzwa vizuri watakuwa wanaendelea kuzaa wakati huo. Anayeficha mbuzi hukosa pia msaada wa afisa mifugo, hukosa ushahidi mbuzi anapoibwa, na mara nyingi humpoteza mbuzi kwa huyo huyo shemeji aliyemfichia. Nakuomba usifiche.

Sasa swali lako la pili. Katika miaka niliyokaa na vikundi vya akina mama nimejifunza kwamba mali ya mwenye kipato kidogo haiyeyuki kwa uvivu, wala kwa kupenda starehe kama wasemavyo watu wasiojua maisha haya. Huliwa na dharura. Mtoto anaugua, jirani anafiwa, mvua inachelewa, na kile kidogo kilichowekwa kwa miezi minane kinauzwa kwa siku moja, tena kwa bei ya mwenye shida. Ndiyo maana kwako mimi sianzi na kitu kinachozaa faida kubwa. Naanza na uzio unaoizuia dharura isifike kwenye mali.

Uzio wa kwanza ni kikundi. Kama kijijini kwako kuna kikundi cha hisa, ingia, na ukiingia tazama sanduku lake. Kikundi kilichofundishwa vizuri huwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Kila hisa unayonunua hugongwa mhuri kwenye kitabu chako, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake mbele ya wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na wanachama hukariri salio la mfuko wa jamii kabla ya kutawanyika, ili wiki ijayo pasiwe na ubishi. Ukikuta kikundi ambacho mtu mmoja anashika sanduku, funguo na daftari, usiweke hata shilingi. Uliza pia kama kimesajiliwa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe.

Hisa moja ya shilingi 1,000 kwa wiki ni 52,000 kwa mwaka, bila kuhesabu faida itokanayo na riba za wanachama waliokopa. Nakuomba usiahidi hisa mbili kwa sababu tu wenzako wananunua mbili, maana anayezidisha mwezi wa mavuno hulazimika kukopa mwezi wa njaa ili atimize ahadi. Mfuko wa jamii nao, ule unaochangiwa shilingi mia mbili au tatu kila kikao, ndio utakaokusaidia mtoto akiugua, na huko ndiko mbuzi wako anakookolewa.

Uzio wa pili ni chanjo ya kuku. Piga hesabu hii na mwanao aliye shuleni: matetea watatu, kila mmoja akiatamia mara tatu kwa mwaka, na katika kila uatamiaji wakabaki vifaranga watano tu baada ya mwewe na kicheche kuchukua wao, ni kuku 45 kwa mwaka. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaweza kuwamaliza wote katika wiki moja. Chanjo yake ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kimoja kinatosha kuku wengi mno kuliko wako. Kwa hiyo jambo la busara ni majirani kumi kuchangia kichupa kimoja na kuchanja siku moja, asubuhi na mapema kabla kuku hawajafunguliwa. Mama mmoja niliyemwona akifanya kazi hiyo alikuwa anamshika kuku chini ya kwapa, anageuza kichwa chake pembeni, anadondosha tone, anasubiri kuku apepese jicho, ndipo anamwachia. Banda zima lilimchukua muda usiozidi wa kuivisha maharage. Sijui kazi nyingine ya kijijini inayolinda mali kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Uzio wa tatu ni ghala. Wakulima wengi wa Singida huuza alizeti na mtama mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kisha hununua chakula miezi ya mwanzo wa mwaka, bei ikiwa juu. Tofauti hiyo ni fedha inayotoka mfukoni mwako kila mwaka bila wewe kuiona. Tafuta mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyohitaji dawa, uweke humo mtama wa kula wa familia, ufunge kila tabaka barabara, na usiuguse mfuko mmoja mpaka shamba litakapopaliliwa. Kaya isiyonunua chakula mwezi Januari haikopi mwezi Januari.

Juu ya bima ya afya, uliza ofisi ya kata yako, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na mlengwa wa TASAF ana haki ya kuuliza nafasi yake ni ipi.

Baada ya hayo yote, mgao wa kikundi utakapofika, yaani hisa zako pamoja na faida yake, nenda mnadani siku hiyo hiyo. Mgao ukilala nyumbani siku tatu hautakuwa mbuzi tena. Nunua jike aliyekwisha kuzaa mara moja, umtazame meno na chuchu, na uende na mtu anayejua mifugo. Bati liache kwanza. Nyumba isiyovuja ni heri kubwa, lakini mbuzi ndiye atakayelinunua bati.

Nimemaliza mkataba, lakini fedha siioni

*Habari za kazi, mshauri. Mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro mjini. Wiki tatu zilizopita nimemaliza mkataba wa pikipiki, nilikuwa napeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa bosi mwenye pikipiki, na sasa kadi iko kwa jina langu. Nilidhani nitaanza kuona fedha, lakini naona maisha ni yale yale. Nimeweka akiba ya 1,500,000 na kuna kiwanja cha 2,000,000 kinauzwa. Kuna mtu ananikopesha 500,000 nirudishe 650,000 baada ya mwezi. Nichukue?*

Usichukue, kijana wangu. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nikupe pongezi za dhati, kwa sababu mtu aliyepeleka hesabu zaidi ya mwaka mzima bila kuilaza, mvua na jua, amekwisha kuonyesha nidhamu ambayo waajiriwa wengi hawana. Tatizo lako ni kwamba nidhamu hiyo ilikuwa ya bosi, na siku mkataba ulipokwisha iliondoka pamoja naye. Ile 10,000 haijapotea kimuujiza: imegawanyika kwenye soda, vocha, kumtoa mtu kijiweni, na chakula cha mchana kilichopanda hadhi kidogo.

Endelea kupeleka hesabu. Bosi sasa ni wewe. Kila jioni kabla ya kurudi nyumbani pita kwa wakala uweke ile ile 10,000, siku sita kwa wiki, kana kwamba mkataba haujaisha. Kwa mwaka ni shilingi 3,120,000, yaani karibu pikipiki nyingine. Mimi ningeigawa hivi: 4,000 iwe ya pikipiki yenyewe, kwa ajili ya tairi, mnyororo, injini, bima na hatimaye kununua nyingine, maana chombo hiki kinachakaa kila kilomita, na asiyekitengea huamka siku moja akirudi kwenye mkataba wa mtu, 3,000 iwe ya kiwanja, 2,000 iwe ya uzeeni, na 1,000 iwe ya siku usizoweza kupanda pikipiki. Hiyo ya mwisho usiidharau. Bima ndogo unayolipia inamlinda mtu utakayemgonga. Mguu wako ukivunjika haikulipi wewe. Kofia ngumu iliyofungwa mkanda, si iliyotundikwa kwenye kioo, ni sehemu ya mpango wako wa mali kama ilivyo akiba.

Sasa mkopo. Shilingi 150,000 juu ya 500,000 kwa mwezi mmoja ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana (akiba za wateja), ukomo ambao kwa mkopo kama huo ni shilingi 17,500. Anayekudai 150,000 ama hana leseni, ama anayo na anaivunja. Mwezi ukiisha hujakamilisha, na ukakubali kuusogeza kwa masharti yale yale, utadaiwa 845,000, na dhamana atakayoitaka ni kadi ya pikipiki uliyoitolea jasho mwaka mzima. Linganisha na kusubiri: ukiweka 3,000 kwa siku utafikisha 500,000 inayopungua baada ya miezi kama sita na nusu. Miezi sita haimzeeshi mtu.

Kama mwenye kiwanja hawezi kusubiri, kuna njia ya pili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Haitolewi kwa kununua kiwanja, wala kwa kijana mmoja mmoja, bali kwa kikundi chenye shughuli; lakini vijana wa kijiwe kimoja mnaweza kusajiliwa na kununua chombo kwa mkopo usio na riba, na hapo akiba yako binafsi itabaki huru kwa ajili ya ardhi. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na mwende wote.

Kuhusu kiwanja chenyewe, nitasema kwa uchungu kidogo. Marehemu baba yangu alinunua eneo kwa mkataba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wawili wakatia dole gumba, na kila mtu akaondoka kwa furaha. Mashahidi walipofariki, eneo lile lilijitokeza kuwa na wenyewe watatu, na sisi tulikuwa wa tatu. Kabla hujatoa hata shilingi ya kushika kiwanja, fanya haya kwa mfuatano huu. Kikague kiwanja: nenda asubuhi, nenda jioni, nenda wakati mvua inanyesha uone maji yanapita wapi, uongee na majirani wa pande zote nne na uwaulize ni nani wanayemjua kuwa mwenyewe. Kisha nenda serikali ya mtaa, halafu ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kama eneo limepimwa, limepangiwa matumizi gani, na kama kuna hati ya mtu mwingine. Kikiwa kimepimwa, omba upekuzi rasmi wa kumbukumbu za umiliki. Kama muuzaji ana mke au mume, saini yake iwepo, kwa sababu mauzo yanayomficha mwenza huvunjika mahakamani. Malipo yapite benki ili pabaki maandishi. Kiwanja kilichopimwa cha milioni tatu ni rahisi kuliko kisichopimwa cha milioni mbili, hata kama leo hakionekani hivyo.

Mshahara wote unaenda nyumbani

*Shikamoo. Nina miaka 24, nafanya kazi za ndani Dar es Salaam na naishi kwa mwajiri wangu. Nalipwa 150,000. Kila mwezi natuma 100,000 nyumbani Iringa, na nikiuliza imefanya nini sipati jibu. Nimesikia watu wanawekeza UTT, lakini nadhani ni ya wenye fedha. Nianzie wapi?*

Marahaba, binti yangu. Hautakuwa mwizi kwa kubakiza sehemu ya jasho lako. Nasema hivyo kwanza kwa sababu barua yako inasomeka kama ya mtu anayeomba ruhusa.

Usikate msaada ghafla, bali ubadilishe sura yake. Fedha taslimu inayofika bila jina huliwa bila jina. Waambie wazazi kwa heshima kwamba kuanzia mwezi ujao utatuma 50,000 ya matumizi, na kwamba mahitaji makubwa utayalipia mwenyewe moja kwa moja: ada ilipwe kwenye akaunti ya shule, mbolea ilipwe kwa muuza pembejeo, naye awape kwa jina la baba. Watalalamika miezi miwili, kisha watazoea. Nimeona familia nyingi zikianza kumheshimu binti zaidi baada ya yeye kuweka mpaka, kwa sababu mfuko wa mbolea unaonekana, na 100,000 ya kila mwezi haikuonekana.

Pili, zungumza na mwajiri wako juu ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mfanyakazi wa ndani ni mwajiriwa kama wengine. Mchango wa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako haizidi nusu yake, kwa hiyo kwa mshahara wako ni shilingi 30,000 kwa mwezi ambazo angalau 15,000 zinatoka kwa mwajiri. Hakuna kibubu duniani kinachokuongezea shilingi moja kwa kila shilingi unayotia. Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Nawe ukianza sasa unazo zaidi ya mara mbili ya muda huo kabla ya kufikisha miaka 60. Hata ukibadilisha mwajiri, namba yako ya uanachama ni ile ile, itunze kama unavyotunza kitambulisho cha taifa. Chagua siku mwajiri ana utulivu, mweleze kwamba unataka kukaa na kufanya kazi kwa moyo, na umwombe mwende pamoja.

Tatu, UTT, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Si ya wenye fedha. Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005 kwa nia hasa ya kuwafikia watu wa kipato cha chini: fedha za wengi hukusanywa, huwekezwa kwenye hatifungani za serikali (mikopo ambayo serikali huichukua na kuilipia riba), hisa na amana za benki, na kila mmoja hupata vipande kulingana na alichoweka. Hatifungani ya serikali ukiinunua mwenyewe Benki Kuu huanzia shilingi 1,000,000. Ndani ya mfuko unaifikia kwa fedha ndogo mno. Thamani ya kipande hubadilika na inaweza kushuka pia, kwa hiyo huko weka fedha usizozihitaji mwaka huu wala ujao.

Nikupe mfano wa hesabu, ambao si ahadi. Ukiweka 20,000 kila mwezi, na tuseme faida iwe asilimia 10 kwa mwaka na usiitoe, baada ya miaka 10 utakuwa na takribani milioni 4.1. Baada ya miaka 20 utakuwa na takribani milioni 15.2, ingawa wewe mwenyewe utakuwa umeweka milioni 4.8 tu. Tazama vizuri: miaka 10 ya kwanza ilileta milioni nne, na ya pili ikaleta zaidi ya kumi na moja kwa mchango ule ule, kwa sababu faida nayo inazaa faida. Lazima pia nikwambie ukweli wa upande wa pili. Bei za vitu zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, milioni 15.2 hizo zitanunua vitu vya takribani milioni 6.9 ya leo. Bado ni fedha ambazo usingekuwa nazo, na ni sababu nyingine ya kutolaza akiba ya muda mrefu chini ya godoro, ambako haiongezeki kabisa huku bei zikipanda.

Mtu akikuahidi kuizidisha fedha yako mara mbili kwa miezi mitatu, mkimbie. Wazazi wako watakumbuka DECI ya mwaka 2009, mchezo wa upatu ambako fedha iliitwa mbegu na malipo yakaitwa mavuno, na waliopanda mwisho wakabaki na shamba tupu. Sura hubadilika, leo iko kwenye makundi ya simu, lakini malipo ya wa kwanza bado yanatoka mfukoni mwa wa mwisho.

Kwa mzee kama mimi yameshapita

*Assalaam alaykum. Niko Pemba, nimepita miaka 70, napokea Pensheni Jamii. Ninalo shamba la eka tatu alilopewa marehemu baba, lina mikarafuu mizee. Wajukuu wananiambia nipande mipya. Nawaambia mkarafuu haunisubiri mimi. Nina makosa?*

Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Pensheni yako, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hutolewa kwa umri na ukaazi. Haiulizi una mali gani, kwa hiyo hata ukipanda mikarafuu mia haitaguswa. Na mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, kisha huzaa kwa miongo mingi. Mikarafuu unayochuma sasa ilipandwa na mtu aliyejua kwamba hataimaliza yeye. Kwa hiyo wajukuu wana haki, ila wapande wao kwa mikono yao, nawe uwaelekeze nafasi na kivuli, kwa sababu mche wa karafuu usiotiwa kivuli na maji miaka ya mwanzo hufa, na ujuzi huo uko kwako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maandishi. Mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ni ardhi ya serikali ambayo familia ina haki ya kuitumia, si ya kuuza itakavyo, na visiwani mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Mjukuu anayepanda leo bila kuandikwa atakuja kugombana na ami yake kesho. Unajua kuliko mimi kwamba katika sheria ya Kiislamu wasia hauvuki thuluthi ya mali na haumwendei mrithi. Unachotaka mjukuu fulani akipate kwa hakika, mpe hiba, yaani zawadi, ungali hai, akabidhiwe mbele ya mashahidi, na muulizeni kadhi kabla hamjaandika. Andika na madeni yako, hata ya dukani, kwa kuwa hayo hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa.

Msimu huu, kabla karafuu hazijakomaa, ingia shambani na mjukuu mmoja mwenye mwandiko mzuri. Muuhesabu kila mkarafuu, mkianzia mpakani, mmoja mmoja: huu ulipandwa na babu, huu nimepanda mimi mwaka fulani, huu ni wa dada yangu, hapa umekufa panafaa mche mpya na atakayeupanda ni fulani. Mtie saini wote mliokuwepo, na sheha abaki na nakala.